Hereni za Kijani za Melania

Nilifunga safari ya Mbeya kwa sababu ya maneno ya shemeji yangu. Alikuwa ametoka huko, na kabla hajanawa hata mikono akasema amemwona binti yangu Melania akikimbia njiani na kujificha migombani, kisa baba mkwe wake anapita. Melania alikuwa ameolewa na kijana wa Kinyakyusa. Baba wa kijana sikuwahi kumtia machoni, maana mambo ya posa waliyamaliza washenga. Nilikuwa nimemwahidi mwanangu hereni za mawe tangu harusi, basi nikamuaga mume wangu kwamba naenda kumnunulia. Moyoni nilikuwa nimeapa: kama anateswa, narudi naye Iringa.

Asubuhi na mapema basi liliondoka. Nyololo tulisimama kunywa chai, na baridi ilikuwa ya kung'ata mifupa. Abiria mwenzangu, mama wa Kibena, alinimegea kiazi chake bila kuniuliza kama nina njaa.

Mchana, tulipokaribia Rujewa, joto lilitupokea na ng'ombe wa Wasangu wakaziba barabara. Dereva akazima gari, akajinyoosha. Nilimfokea. Watu wakacheka, wakauliza nakimbilia wapi, nami nikageukia dirishani kwa sababu machozi yalikuwa karibu.

Mbeya tulifika jioni. Melania alinilaki, nikaanza kumkagua kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Alikuwa amenenepa, na kovu sikuliona. Lakini watoto wa kike huficha mengi, nikalala na wasiwasi wangu.

Kesho yake tulikwenda kwa sonara, mzee wa Kihindi mpole. Alifungua kisanduku chenye hereni za mawe juu ya pamba.

"Haya yanaitwa turmalini," alisema. "Iko ya waridi, iko ya kijani. Angalia tu, mama, kuangalia bure."

Melania akapenda ya waridi. Nikamwambia yanafanana na dawa ya kikohozi, tukacheka mpaka sonara naye akacheka. Mwishowe akachukua ya kijani, kijani cha jani changa la mgomba, akavaa moja na kujitazama kwenye kioo. Nilifurahi, nisiseme uongo.

Ghafla akajifunika kanga hadi usoni na kuchutama nyuma ya meza. Mlangoni alisimama mzee mwenye koti refu. Alipotuona aligeuka ukutani upesi, akatoka bila neno.

"Nani yule?"

"Baba mkwe," alinong'ona.

Damu ilinichemka. "Inuka. Kesho tunarudi nyumbani!"

"Mama, hajawahi kunigusa wala kunitukana. Huku mkwe na baba mkwe hawaonani. Ni heshima."

"Heshima gani ya kuchutama chini kama mwizi?"

Sikungoja jibu. Nilitoka nje nimeshakunja uso, tayari kumwaga yote niliyoyabeba kutoka Iringa. Mvua ilikuwa imeanza. Baraza la duka lilikuwa tupu. Mzee alikuwa ng'ambo ya barabara, ametupa mgongo, kofia inachuruzika maji.

"Baba, mbona unanyeshewa na baraza ipo?"

Alishtuka, akavua kofia, akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga, mama. Nikikaa barazani, mkwe wangu atatokaje? Atakwama humo ndani bure. Wewe ndiye mama yake?"

"Ndimi."

"Ametusaidia sana nyumbani. Mke wangu alipougua, yeye ndiye aliyemwogesha." Akauliza kwa aibu kidogo, "Nadhani mmefuata hereni. Amepata?"

"Amepata."

"Mimi sitaziona akizivaa. Naomba uniambie, mama, zikoje?"

Nikasimama naye kwenye mvua, nikamweleza kile kijani, na jinsi kinavyong'aa Melania akigeuza shingo. Alisikiliza amefumba macho.

"Zinampendeza?" akauliza.

"Zinampendeza sana."

"Basi vizuri," akasema, akaondoka zake taratibu ili mwanangu apate kutoka.

Siku ya kurudi nilipita tena Usangu na Nyololo, kiti cha pembeni yangu kikiwa na mtu mwingine. Niliona aibu kwa hukumu niliyoitoa kabla ya kuuliza, na nilimshukuru Mungu kwamba yule mzee aliniwahi kwa swali lake la hereni kabla sijamtukana.

Iringa, mume wangu alitoka kunipokea mzigo.

"Melania umemwacha wapi?" aliuliza, maana maneno ya shemeji aliyasikia na hasira zangu anazijua.

"Nimemwacha kwao," nikasema.