Nimekaribishwa Chumbani Mwangu

Leo nimekaribishwa kwenye chumba ninacholipia kodi mwenyewe.

Nimetoka kazini eapoti mapema, nikakuta mlango wangu wazi. Ndani, kwenye kochi langu, wazee watatu wanakunywa chai. Juu ya vichwa vyao, kamba yangu ya chupi. Zote zipo!

"Fadal, karibu binti yangu, ingia ukae," akasema mama mwenye nyumba.

Kumbe watu wa posa ya binti yake walifika ghafla, na kwake hakuna makochi. Akachukua ufunguo wake wa akiba wa chumba changu, akawaingiza.

Nyinyi mngemwaibisha mbele ya wakwe? Niambieni. Mimi nilikaa, nikanywa chai kwa kikombe changu.

Walipoondoka nikamwambia, "Mama, nyumba ni yako, lakini chumba nimepanga. Ungenipigia simu."

"Yaani nipige hodi kwenye nyumba niliyojenga mwenyewe?"

Akabeba vyombo vya chai, akatoka. Nikarudisha mlango, nikaanua chupi zangu kwa hasira.

Baada ya saa moja nikasikia, "Hodi?"

Alikuwa nje na kikombe changu, amekiosha. Mlango sikuwa nimeufunga kwa ufunguo, lakini hakuusukuma.

Miaka miwili hapa, sijawahi kumsikia akipiga hodi.

Nikanyamaza kidogo. Nilitaka aseme tena.