Shati la Mita Nne

Mimi ni fundi cherehani, na kwa karibu mwaka mzima sikuweza kuvaa shati. Cheka kwanza umalize, kisha tuendelee. Wateja wangu hapa Mantapala, kambi yetu ya wakimbizi upande wa Zambia, walicheka bila kuomba ruhusa. Walikuja na vitenge vyao wakanikuta kifua wazi nyuma ya mashine, mvi za kifuani zikipunga hewa, na mmoja akaniuliza kama nimeuza nguo zangu zote ili nile.

Ilianza na malengelenge, yale ambayo kwetu Kongo hospitali huyaita zona, na wengine mkanda wa jeshi. Yalinizunguka ubavu wa kushoto kutoka mgongoni hadi kifuani. Baada ya wiki chache yalikauka, ngozi ikapona, yakabaki madoa tu. Maumivu hayakupona. Yalikaa palepale na kuchagua adui mmoja, kitambaa. Pindo la shati likinigusa kidogo tu, niliungua kama niliyemwagiwa mafuta ya kukaangia. Hata upepo ulitosha. Na sikuwa na kidonda cha kumwonyesha mtu. Mgonjwa asiye na kidonda haaminiwi, hasa akiwa na mke mwenye kazi nyingi za kumpa.

Mchungaji wetu aliniamini, tena kupita kiasi. Jumapili moja aliniita mbele kutoka mlangoni, nilikokuwa nikisikilizia ibada kifua wazi, akafumba macho, akaweka kiganja chake ubavuni mwangu taratibu, kama anayepapasa kifaranga. Nilipiga yowe ambalo nadhani lilifika Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, nikaanguka. Kanisa zima likalipuka kwa vigelegele, pepo ametoka! Nilipoinuka nilikuwa nimeshageuka ushuhuda. Tangu siku hiyo sikuwa na ruhusa ya kuumwa, maana nikilalamika nilikuwa namwaibisha Mungu mbele za watu.

Ningekaa kifua wazi hadi kaburini kama binti yangu wa mwisho asingechumbiwa. Mchumba ni wa Nchelenge, mji wa kando ya ziwa, wa ukoo unaovua na kukausha chisense, vile visamaki vidogo, watu wa kanisa na wa kuvaa tai. Ndoa ilipangwa mwezi wa nane. Baba ndiye anayemwingiza binti kanisani wakiwa wameshikana mikono, na sijasikia kanisa linalofungisha ndoa baba akiwa kifua wazi. Mdogo wangu akajitolea kushika nafasi yangu. Mdogo wangu ana suti moja na maringo ya suti kumi, na wiki sita kabla ya ndoa alikuwa ameshaipiga pasi.

"Yaya, weye pumzika," aliniambia, yaya kwetu ni kaka mkubwa. "Miye njo ntamuingiza mutoto. Mutu mugonjwa anakaa ku kiti."

Nilimtukana kwa lugha tatu, kisha nikaenda kituo cha afya.

Tabibu alikuwa mwanamke Mbemba mwenye Kiswahili cha sokoni. Alinitazama ubavu bila kunigusa, na kwa hilo peke yake nilimpenda.

"Batata, kidonda kiliisha kale," alisema, akiniita baba kwa Kibemba. "Mishipa ya fahamu njo ilibaki mugonjwa. Inapeleka ku kichwa habari ya uongo."

"Donc, kwa hiyo miye niko naongopa?"

"Awe, mukwai," alikataa kwa adabu ya Kibemba. "Mushipa njo unaongopa. Weye unaumwa kweli kabisa."

Nusura nilie. Katika mwaka mzima yeye ndiye alikuwa mtu wa kwanza kunitenga na mshipa wangu. Nilivyomwelewa, mshipa huo umekuwa mbea. Kitambaa kikipita tu, unakimbia kichwani kutangaza kwamba nyumba inaungua. Alinipa vidonge vya kumeza jioni, akasema bila kuficha kwamba hupewa pia watu wenye huzuni nyingi, ila dozi ndogo hutuliza mishipa. Nisubiri wiki kadhaa, akasema, na nisitarajie maumivu yaishe yote. Nilivimeza. Vilinikausha mdomo na kunisinziza mchana kweupe hata nikashona mkono wa gauni ukaelekea shingoni. Baada ya wiki tatu moto ulipungua. Kupungua si kuzimika, na shati bado lilikuwa adui.

Kosa lililofuata ni la fundi, mkulima asingelifanya. Nilijiambia, kama mguso wa kitambaa ndio unaomwamsha mbea, nitashona shati lisilonigusa. La kwanza nililipanua vidole vinne kila upande. La pili, viganja viwili. La tatu lilimeza mita nne za kitenge. Mke wangu alilikuta likining'inia kwenye kamba, akalizunguka kama anayekagua nyumba.

"Baba ya batoto," aliniuliza, "batu bote balitoka mu hema, weye unarudia mu hema?"

Nililivaa hivyo hivyo kwenda sokoni Nchelenge kutafuta koti. Upepo wa ziwa uliingia kwa chini, ukalijaza, likawa linanipiga ubavuni kila hatua. Nililaani ziwa, kitenge na mtu aliyebuni vifungo. Nilifika kwenye salaula, yaani mitumba, nikiwa nimekunja uso, nikakuta balo jipya, robota zima la nguo, linakatwa kamba. Mimi nimekimbia vita halisi, lakini akina mama wa pale balo likifunguliwa waliniogopesha. Kabla sijarudi nyuma nilikuwa nimebanwa kati ya nguzo na mama mmoja mwenye mwili wa kutosha watu wawili. Bega lake lote lilikandamiza ubavu wangu mbovu. Nilifumba macho nikisubiri kufa.

Sikufa. Ubavu ulinyamaza. Kwa dakika moja, labda mbili, nilisimama pale nikiwa sina maumivu ila aibu. Mama alipoondoka na sketi zake, shati lilishuka likanigusa, na moto ukarudi.

Fundi mjinga! Miezi yote hiyo nilikuwa nakilaumu kitambaa, kumbe mkosaji ni kitambaa kinachocheza. Kikibana na kutulia, mbea hana habari ya kupeleka. Nilijitosa kwenye lile balo pamoja na akina mama, tena kwa viwiko, nikatoka na vazi la kike la kubana tumbo na mbavu, la mpira mgumu, rangi ya ngozi ya muzungu, lenye kulabu mbele.

"Ya mama ku nyumba?" aliuliza muuzaji.

"Ya mama," nilisema, na nina hakika Mungu alisikia.

Nyumbani nililifumua. Nilitoa lesi, nikahamishia mishono nje isinikwaruze, nikalipima mwilini mara tisa. Tabibu alipoliona alicheka hadi akashika meza. Kisha akasema kubana hivyo huwasaidia baadhi ya watu, nisikaze hadi nikakosa pumzi, nisilale nalo, na vidonge niendelee navyo.

Siku ya ndoa nilivaa kile kivazi, juu yake shati la vipimo vya binadamu, kisha koti. Maumivu yalikuwepo, yakinung'unika. Mdogo wangu naye alikuja na suti yake, eti nikianguka.

Mlangoni mwa kanisa binti yangu alisimama upande wangu wa kushoto, ndivyo walivyopanga. Alisimama mbali. Mtu mzima angeweza kupita katikati yetu. Nilidhani analinda gauni, kumbe ananilinda mimi. Mwaka mzima nilikuwa nimempigia kelele kila pindo la kitenge chake lilipopita karibu, na alikuwa amejifunza. Nyumba nzima ilikuwa imejifunza. Nilikuwa nimefaulu kabisa kutoguswa na mtu, na sikuwa nimegundua. Niliona aibu, tena pale mlangoni, mbele ya wakwe.

"Shika mukono," nilimwambia.

"Papa, itakuumiza."

"Shika."

Akaweka vidole juu ya mkono wa koti, vyepesi, kwa adabu zote alizolelewa nazo. Koti likacheza. Nilisaga meno.

"Apana vile. Kamata nguvu."

Aliutia mkono wake wote kwapani mwangu, akanibana ubavuni kama mtu anayeogopa kuanguka. Akaanza kulia, na wanja ukamdondokea kwenye koti langu.

"Inauma, Papa?"

"Inauma," nikamwambia. "Usiachilie."