Mstari wa Maji

Mwaka 1975 Mdoe alikuwa amebakiza tasnifu moja tu apate shahada mbili za uzamili kwa mpigo, ya uhandisi wa ujenzi na ya mipango miji. Chuo kilikuwa ng'ambo, lakini kijiji alichoandika habari zake kilikuwa cha kwao, nje kidogo ya Kwamsisi. Yeye mwenyewe ndiye aliyepiga vigingi vyake kiangazi cha mwaka uliotangulia, nyumba zikajipanga mistari minne tambarareni. Walimu wa mipango waliisifu ramani. Mwalimu wa uhandisi aliuliza jambo moja: mafuriko hufika wapi? Bila jibu, hakuna shahada, hata moja.

Siku ya vigingi kila mzee alimwambia maji hayafiki, na shangazi yake Swaumu, aliyemlea, akasema vivyo hivyo. Mwalimu hakusadiki. Ndipo Mdoe akarudi, masika yakielekea kwisha.

Nyumba zote alizikuta zimekandikwa upya, udongo mwekundu ungali mbichi. Alisimama akazitazama. Kwao hakuna akandikaye ukuta masika, udongo haukauki.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekonda. Huko Ulaya hawali ugali?"

"Mbona mmekandika na mvua?"

"Nyumba ikizeeka haikandikwi?"

"Hii haijatimiza mwaka."

"Basi ulitupimia iliyozeeka."

Alicheka peke yake, akatoka kuchemsha chai. Ndani mahindi yalinuka uvundo. Mdoe aliuvuta mlango. Nyuma ya mlango mkono wa mkandikaji haukufika, na pale palikuwa na mstari wa tope, usawa wa kiuno chake.

Alipogeuka, Swaumu alikuwa kizingitini.

"Usipime hapo, mwanangu."

"Kwa nini hamkuniambia siku ile?"

"Ungevipeleka vigingi mbali. Hapa tunakwenda makaburini kwa miguu na kurudi kabla jua halijawa kali. Waliosema kwao hakufai, serikali iliwapakia lori hadi Sindeni. Nani atapalilia kaburi la baba yako?"

"Maji yatarudi, shangazi. Kuna watoto humu."

"Maji tunayajua. Yakija tunapanda juu, yakiondoka tunakandika. Lori likija tunapanda wapi?"

Mdoe aliugeukia ukuta. Alifikiria watoto, na kwa kuwa hakujidanganya, alifikiria pia jina lake na shahada mbili mbele yake. Ni lipi lililomsukuma zaidi, hata uzeeni hakupata kulijua. Alitoa futi ya kukunja mfukoni. Swaumu hakumzuia, alikwenda kuketi jikoni, akampa mgongo. Sentimita tisini na mbili. Chai ilichemka ikamwagikia moto, na hakuna aliyeinuka kuiepua.

Shahada alizipata zote mbili. Nakala ya tasnifu ilifika ofisi ya wilaya, Handeni, na kabla ya masika ya pili malori yalifika kijijini.

Mdoe alimfuata shangazi yake Sindeni akiwa na sukari na kanga mbili. Nyumba ilikuwa mlimani, pakavu, mahali pazuri kwa kila kipimo alichofundishwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, bwana mhandisi."

Alimfutia kigoda kwa ncha ya kanga, kama afutiwavyo mgeni, akampokea mzigo kwa mikono miwili na kumshukuru. Kisha, Mdoe akiwa hajaketi bado, akamuuliza gari la kurudi Handeni linapita saa ngapi.