Kiraka cha Mkono wa Kushoto

Kwanza niseme sitaki. Nimesema sitaki tangu Jumatatu, na bado mmeniletea daftari la mistari mipana kama la mtoto wa chekechea, na kalamu mbili, ili moja ikigoma nisipate pa kujificha. Herufi zangu zinalala huku na huku, hilo mnalijua. Mtaani humu wapo waliosoma mpaka miwani imewachimba pua, hamkuwaendea. Mmenijia mimi kwa sababu Fundi ni mdogo wangu, tumbo moja, na yeye mwenyewe akiulizwa anatazama sindano. Haya. Nasema mara moja tu, na atakayetaka kunisahihisha ajisahihishe mwenyewe.

Fundi ana cherehani ya pedali na ana mkono wa kushoto. Alipokuwa mdogo mama yetu aliufunga ule mkono kwa kitambaa ili ajifunze kutumia wa kulia. Akala kwa mdomo kama paka siku mbili, mama akaufungua. Kwa hiyo mshono wake wa mkono unalala kinyume na wa mafundi wengine, na kila baada ya mshono wa tatu anarudi nyuma kidogo, ili kiraka kisibanduke. Kiraka cha Fundi nguo itaoza, chenyewe kitabaki. Anajisifu kwa hilo, na ana haki.

Katika chumba chake cha kazi walikuwa wawili. Cherehani ilikaa mbele, penye mwanga wa mlango. Nyuma, karibu na dirisha la kutolea moshi, ilikaa meza ya pasi, na kwenye meza hiyo alikuwa mwanamke mwenzake anayemwita Shoga. Alimwita hivyo mpaka sote tukamwita Shoga. Miaka ishirini na sita, mgongo kwa mgongo. Fundi akimaliza nguo hakati uzi wa mwisho. Anauacha unaning'inia, urefu wa kidole, anairusha nyuma bila kugeuka. Shoga anaigeuza ndani nje, anapitia kila pindo, na akiridhika anaukata uzi kwa meno, ndipo anatia pasi. Asiporidhika anairusha mbele na uzi wake. Maelezo hapana. Labda, "Mwenzangu, umelala leo?" basi.

Shoga ana mtoto mmoja tu, mwanamume mwenye ndevu zake, lakini tulizoea kumwita Kadogo. Utotoni alilala chini ya meza ile ya pasi, kwenye vipande vya vitambaa. Kadogo alimwita Fundi mama mkubwa. Huyo Kadogo ndiye aliyeshtakiwa kumuua Koplo.

Na Koplo naye hakuwa mgeni. Alikuwa askari wa kituo cha hapa chini, na kila Alhamisi alileta sare yake. "Mama, nipigie mstari wa kumtisha mwizi," anamwambia Shoga. Na Shoga, "Mwizi gani atatishika, wakati tumbo lako linafika kabla yako?" Wanacheka wote watatu. Jioni moja aliwakuta watu watatu wakivuna nyaya za umeme nyuma ya bohari. Walimpiga chuma cha kichwa. Wawili hawajulikani walipo mpaka leo. Wa tatu aliruka ua wa waya, koti likanasa, akalivua akakimbia.

Koti lilikuwa na kiraka kwenye kiwiko.

Fundi aliitwa shahidi. Kabla hajafika kizimbani, Kadogo alimwona, akasimama kama alivyofundishwa na mama yake. "Shikamoo, mama mkubwa." Naye Fundi, kwa mazoea tu, "Marahaba, mwanangu." Jaji akainua kichwa. Watu wakanong'ona. Shoga alikuwa amekaa benchi la pili, mkoba mapajani.

Wakampa koti ndani ya mfuko wa nailoni wenye namba. Kumbuka hapa: hakuna aliyemlazimisha. Mwendesha mashtaka alimuuliza kama anaujua mshono huo, naye akasema labda, macho yake yamechoka. Labda! Angeishia hapo. Ila wakili wa utetezi, kijana nadhifu, akasimama kwa nia ya kumsaidia Kadogo, akasema, "Mheshimiwa, kiraka kama hiki angekishona fundi yeyote."

"Fundi yeyote yupi?" Fundi akauliza.

"Yeyote, mama. Huu ni mshono wa kawaida."

"Wa kawaida? Hebu leta sindano."

Watu wakacheka. Jaji akagonga meza. Na Fundi, masikio yamemsimama, akaonyesha kwa kidole juu ya ile nailoni: angalia unavyolala, hesabu, moja, mbili, tatu, unarudi. "Huu ni wangu. Anayebisha ashone mwingine nione."

Kisha yule mwendesha mashtaka, taratibu kabisa, "Na koti, mama, uliletewa na nani?"

Alipotaka kuyarudisha maneno yalikuwa yameshatoka. "Na mama yake," akasema.

Tangu siku hiyo Shoga hakuonekana kazini. Ila pasi yake aliiacha. Ni pasi ya mkaa, nzito, ina jogoo wa shaba kwenye kishikizo, aliirithi kwa mama yake. Fundi aliifuta vumbi kila asubuhi. Aliniambia, "Dada, pasi ipo. Anangoja kesi iishe tu, atarudi." Wiki kumi na moja aliishi na sentensi hiyo moja. Hakutaka kingine, si Kadogo afungwe wala aachiwe. Alitaka mguu wa Shoga mlangoni.

Siku ya hukumu hakwenda. Alikuwa anashona suruali ya mwalimu. Redio ya kinyozi ng'ambo ya barabara ikasema kifungo cha maisha. Pikipiki zikaanza kupiga honi, mtu akagonga sufuria. Pale kwa kinyozi mmoja akapaza sauti, "Maisha? Angenyongwa! Anakwenda kula bure!" Mwingine aliyenyolewa nusu kichwa akajibu, "Na yule askari aliyempiga risasi dereva mwaka juzi, yeye kapewa maisha mangapi? Kahamishwa kituo!" Wakashikana mashati, kinyozi akawatoa wote nje, yule wa nusu kichwa naye akatoka hivyohivyo.

Fundi alikanyaga pedali. Mjane wa Koplo alipita ndani ya gari, kioo kimefungwa, haangalii huku wala kule. Hakuna aliyempungia.

Mama mmoja akaingia mikono juu. "Hongera, Fundi!"

"Ya nini? Nimejifungua?"

"Haki imetendeka, bwana! Bila wewe je?"

Akaja pia kijana wa habari, simu mbele kama anamulika panya. "Mama, unajisikiaje baada ya hukumu?"

"Najisikia kiuno."

"Namaanisha moyoni."

"Huko sijapita leo."

Na ilikuwa kweli. Aliniambia baadaye kwamba alijitafuta kote, kama mtu anayepapasa mfukoni, hakukuta kitu. Wala huzuni. Mwili wote ulikuwa kama mguu uliokaliwa. Alipoinua ile suruali ya mwalimu akakuta ameishona mifuko yote miwili ikaziba. Mifuko! Tangu aanze kazi hakuwahi. Akaanza kufumua.

Alipokuwa akifumua ndipo jirani wa pili akaja kuchukua gauni lake, halijamalizika, limeshikizwa kwa pini. "Nipe hivyohivyo," akasema. "Nikuachie nguo, kesho uitambue mahakamani?" Akaondoka na pini zangu, kwa sababu zile pini ni mimi nilizomwazima Fundi, na hazijarudi.

Mchana wakaja askari wawili na fungu la sare. "Mkuu wa kituo anasema kuanzia leo zetu zote ni zako, mama. Umetuheshimisha." Wakatafuta mahali pa kuziweka, wakaziweka kwenye meza ya pasi. Kwenye meza ya Shoga, zikaifunika pasi mpaka jogoo akapotea. Fundi alitaka kusema si hapo.

Kesho yake akazifukua, akajaribu kupiga pasi mwenyewe, suruali moja. Ikatoka na mistari miwili sambamba kila mguu. Akaitundika, akarudi kwenye cherehani.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, akasikia, "Hodi."

"Tangu lini wewe unabisha hodi?" akasema bila kugeuka, maana sauti aliijua.

"Nimefuata pasi yangu," Shoga akasema.

Alikuwa amekonda shingo. Mkononi alishika mfuko wa sandarusi, mtupu. Akapita nyuma, akasogeza zile sare kama unavyosogeza za mtu yeyote. Kisha akaiona ile iliyotundikwa.

"Nani kapiga hii?"

"Mimi."

"Hii ni suruali au reli?"

"Mkono wa pasi sina, unajua."

Shoga akaishusha, akaitazama kiuno na lebo. "Za kituoni?"

"Za kituoni."

Mimi nilikuwa mlangoni nimekuja kudai pini, nikanyamaza, na mnajua kunyamaza si kazi yangu. Shoga akaweka mfuko chini. Akatia mkaa, akawasha, akapepea kwa kifuniko cha boksi, akanyunyiza maji kwa ncha za vidole. Akapiga pasi suruali ile moja. Pindo moja lilikuwa limeshonwa upya, na uzi unaning'inia. Akaligeuza, akalipitia, akakata kwa meno. Mstari ukasimama mmoja, umenyooka, wa kumtisha mwizi. Akaitundika. Zile nyingine hakuzigusa.

Akamwaga makaa nje. Lakini pasi ya moto huwezi kuitia kwenye sandarusi, itaiyeyusha. Ikabidi angoje ipoe. Akakaa kwenye kigoda chake, mgongo kwa mgongo na Fundi kama siku zote, pasi katikati yao sakafuni.

"Ungesema hulijui," Shoga akasema.

"Ningeweza."

"Ungesema unafanana tu."

"Nilianza hivyo."

"Sasa?"

"Yule wakili alisema angekishona fundi yeyote."

Nje mtu alikuwa anauza ndoo, anazigonga moja kwa nyingine.

"Kwa hiyo ni kwa sababu ya hilo," Shoga akasema mwishowe.

"Amefungwa kwa sababu ya Koplo, Shoga."

"Hilo nalijua. Koplo nilimpigia pasi miaka tisa. Sikuuliza hilo." Akagusa pasi kwa kidole kilicholowa, ikachemka tss, akarudisha kidole. "Ule uzi wa kile kiraka niliukata mimi. Nilikivuta kwanza, hivi, kwa nguvu. Nikajisemea, mwenzangu kashona, hiki hakitoki."

Wakakaa. Fundi mikono ameiweka juu ya cherehani, kiganja juu, kama vitu vya mtu mwingine. Hakulia, na Shoga hakulia. Kama mngepita barabarani mngedhani wanawake wawili wanangoja maji yachemke.

Pasi ikapoa. Shoga akaitia mfukoni, jogoo akachungulia nje.

"Unaondoka," Fundi akasema.

"Mlango urudishie. Vumbi linaingia kwenye mashine."

Ndiyo hivyo. Siku hizi Shoga anapiga pasi barazani kwake, mtaa wa tatu kutoka hapa, nyuma ya tangi la maji. Hawaongei. Wakikutana dukani mmoja anakumbuka alichosahau nyumbani. Siku ya kumtembelea Kadogo gerezani Shoga hafanyi kazi, na Fundi siku hiyo hafungui mlango. Hakuna aliyewaambia wapange hivyo. Na Fundi bado anaacha uzi wa mwisho. Wateja wanalalamika, "Fundi, umezeeka, nguo zina nyuzi." Anawajibu wavae hivyohivyo.

Basi mimi, kwa ukaidi wangu, nilimpa Fundi gauni langu la kijani alipinde pindo. Akanirudishia na uzi wake. Sikuukata. Nikalibeba mpaka nyuma ya tangi, nikampa Shoga bila neno. Siku ya pili nikalifuata: limepigwa pasi vizuri juu mpaka chini, na uzi unaning'inia palepale. Nikajua basi, ndiyo mwisho, hata uzi wake hataki kuutia mdomoni.

Nikampelekea Fundi aone. Akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole polepole kwenye pindo lote, na ubavuni akasimama. Pindo lilikuwa limepanda, upana wa punje ya mchele. Mimi nisingeliona hata kwa taa.

"Ana haki," akasema.

Akafumua, akashona upya, akaacha uzi. Akanirushia. "Mpelekee tena."

Sasa nisikilizeni, ninyi mliotaka niandike. Mitaa mitatu kwenda, mitatu kurudi, na magoti haya. Nimekwenda mara nne wiki hii, na magauni yangu yamekwisha. Wewe uliyefika mpaka hapa, kabatini kwako ipo suruali iliyochanika au shati lisilo na kifungo, usinidanganye. Ipeleke kwa Fundi. Kisha ichukue na uzi wake hivyohivyo, usiukate, peleka nyuma ya tangi la maji. Usiwaulize habari za kesi. Usiwape pole, usiwape hongera. Beba nguo, basi. Na ukipita kwangu, niletee pini zangu kutoka kwa yule mwenye gauni.