Waziri Aliyetoka Peke Yake

Siku moja ninaikumbuka hadi leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka hucheka peke yangu. Tulikuwa tukishindana sataranji kumpata mmoja wa kwenda Dar es Salaam kuuwakilisha mkoa wetu wa Tabora. Nilikuwa mwalimu kijana, nafundisha shule ya Ntalikwa, na bahari sijawahi kuiona. Wanafunzi nilishawaaga. Ndiyo, niliwaaga kabla ya kucheza. Ujana una mambo.

Aliyebaki mbele yangu alikuwa Mzee Nassoro, fundi cherehani wa mjini, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Mimi nilijifunza chuoni ufunguzi wa kumfunga mfalme kwa hatua nne tu. Nikasogeza askari mmoja kupisha njia, kisha nikaitoa moja kwa moja kete yenye nguvu kuliko zote, nikisema kwa majivuno kwamba malkia huyo anakuja.

Mzee akatabasamu. "Malkia tulimuaga siku ya uhuru, binti yangu. Huyu ni waziri. Nawe umemtuma vitani peke yake, makabwela umewaacha nyumbani."

Watazamaji wakaangua kicheko. Nikadhani ananipotezea mawazo tu. Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni. Alitoa farasi, waziri wangu akakimbia. Akasogeza askari, akakimbia tena. Kila nilipokimbia, yeye aliongeza kete vitani, na zangu zimelala. Haukupita muda waziri akatekwa, na safari yangu ikafia hapo. Nililia, sikufichi.

Mzee hakunicheka. Aliniita kibandani kwake kila Jumamosi, na kwa miezi mingi alinikataza kumgusa waziri mpaka askari na farasi wamekaa mahali pao. Nilichoka, nilinuna, lakini nilikwenda. Mwaka uliofuata, kwenye mashindano yale yale, nilimshinda yeye mwenyewe, mbele za watu. Alinisindikiza stesheni akinibebea kikapu, akimwambia kila abiria kwamba huyu ndiye aliyemfunga. Sijaona mtu akifurahia kushindwa namna ile.

Basi, mwanangu, ukijaliwa elimu au cheo, usikitangulize peke yake. Anza na kazi ndogo, shirikiana na watu wadogo, na yule aliyekushinda mfuate akufundishe. Mwenda pole hajikwai. Na usiage mtu kabla hujakata tiketi.

Mungu akukuze, akupe wa kukushinda kwa upole, na siku utakaposhindwa na uliyemfundisha, akupe moyo wa kumbebea kikapu.