Mahindi ya Dirishani

Mama Vifungo hakuwahi kupanda hata mchicha. Mtaa ulimjua kwa cherehani, na jina alilipata kwa sababu kifungo chake hakikung'oka hadi nguo yenyewe ichakae. Udongo ulikuwa kazi ya mumewe, mtunza bustani, aliyemaliza ujana wake akipendezesha madirisha ya wengine huku ua wake ukibaki vumbi na kamba za kuanikia nguo. "Nikistaafu, nitapanda ya kwangu," alikuwa akisema, na mkewe humtania, "Ukistaafu utalala tu." Basi alipostaafu akalala kweli. Kiharusi kilimwangusha bafuni, kikamchukulia ulimi na upande mzima wa kulia. Daktari hakumung'unya maneno: kama kuna kitu anachokipenda, mpeni mapema.

Alichokipenda kilijulikana. Mama Vifungo akapiga moyo konde, akasogeza kitanda dirishani ili mzee apate kuiona bustani yake kabla hajaondoka.

Lakini ataipangaje mtu asiyejua hata jembe linashikwaje? Aliipanga kwa njia aliyoijua. Alimtandikia mumewe mapajani kipande kikubwa cha kitambaa, upande wa ndani ukiwa juu kama mafundi wanavyochora, akachora ua wao kwa chaki. Walikuwa na lugha yao: kufumba macho ni ndiyo, kuyakodoa ni hapana.

"Nyanya hapa, mzee? Na mrehani ubavuni mwake?"

Akafumba. Karoti kando ya vitunguu, akafumba tena. Kidole cha mkewe kilipopeleka maharage kwenye vitunguu, macho yakamtoka.

"Kumbe hawaivi chungu kimoja! Haya, tuyapeleke kwa nani?"

Kidole kikazunguka hadi kwenye mahindi, mzee akafumba, maana hapo maharage yangepata pa kutambaa. Mahindi yenyewe, kwa urefu wake, yakapewa mwisho kabisa, ukutani. Chini ya dirisha zikaja karoti na maua ya njano ya kufukuza wadudu. Kila ndiyo mkewe aliitobolea tundu kwa mkasi: kubwa la mahindi, la kati la nyanya, dogo la karoti. Kwa miezi nyumba ile haikuwa imesikia kicheko. Siku hiyo mzee alitoa sauti kooni, na mkewe akajua anacheka.

Kesho yake akakitandaza kitambaa uani. Mikono iliyokata nguo maisha yote haikumwomba ruhusa: chora kwa ndani, geuza, uso uwe juu. Akakipindua, upande wa ukutani ukaja dirishani. Chaki ikabaki chini, juu yakaonekana matundu tu. Fundi hubishana na mteja, habishani na kipimo; akachomeka vijiti kwenye matundu, akafukia mbegu. Kila mmea ulikaa na jirani aliyechaguliwa kuwa naye, ila bustani nzima ilikuwa imegeuka.

Mzee akapiga ukingo wa kitanda kwa mkono wake mzima, akinguruma.

"Tulia, mzee! Zitaota tu!" mkewe alimpungia, akicheka kwa furaha.

"Mama Vifungo," muuza mkaa, jirani yake, akaita juu ya ua, "siku hizi unawashonea minyoo?"

Zikaota. Mahindi yakapanda, yakafika kizingiti cha dirisha, yakakipita. Kutwa nzima mzee alikodoa macho. "Hachoki kuitazama," mkewe alimwambia muuza mkaa kwa fahari. Hata mzee alipoanza kukataa supu, mkewe alidhani ni kinywa tu kimechoka.

Alasiri moja Mama Vifungo aliinama kumgeuza, kichwa chake kikalala kwenye mto wa mumewe. Akatazama dirishani. Aliona majani ya mahindi yaliyojibana kwenye kioo, basi. Hapakuwa na nyanya, hapakuwa na ua hata moja. Akayakumbuka macho yale yaliyokodoka siku zote hizo. Mtu wake alikuwa akimwambia hapana, asubuhi hadi jioni, na yeye akimpungia mkono.

Alitoka na mkasi wake wa kukatia nguo, ule ambao hakuruhusu uguse hata karatasi, akayafyeka mahindi na maharage yake, akilia kwa sauti. Nyuma yake nyanya zilikuwa zimeiva.

"Sasa unaona?" alipaza sauti dirishani. "Unaiona bustani yako?"

Macho ya mzee yalikuwa wazi. Akaingia ndani mbio, akauliza tena, akamshika shavu. Yakabaki wazi. Muuza mkaa, aliyevutwa na kilio, alisimama mlangoni, akasema kwa upole, "Mfumbe macho, dada."

Akamfumba, kwa vidole vilivyolowa utomvu wa mahindi. Ile 'ndiyo' aliyokuwa akiisubiri, ikabidi aitie kwa mkono wake mwenyewe.