Mahindi Yasiyonunua Ndizi

Mwaka ule upepo na mvua ya mawe vilipolaza migomba ya kijiji chetu, nilikuwa nafundisha shule ya msingi karibu na Nshamba na kuishi kwa bibi yangu, mama yake baba. Kibanja chake ndicho kilichokuwa fahari yake: migomba minene, mibuni katikati, na chini majani makavu yametandazwa vizuri. Upepo wenyewe haukudumu hata nusu saa. Asubuhi bibi alizunguka shamba zima akigusa mgomba mmoja mmoja ulioanguka, kama anayeamsha watoto, kisha akarudi ndani na kuniambia nisichelewe shule.

Wiki mbili za mwanzo tulikula ndizi kupita kiasi, maana mikungu iliyoanguka haikuwa ya kungojwa. Baada ya hapo zikaisha. Ndipo serikali ilipoleta mahindi kwa lori kutoka Bukoba, kwa ajili ya kaya ambazo mashamba yao yalilala.

Afisa aliyekuja nayo alikuwa kijana mpole, mwenyeji wa Dodoma. Kihaya hakukijua, kwa hiyo aliniomba niwatafsirie wazee. Masharti yalikuwa machache. Mahindi ya msaada ni ya kula. Hayauzwi, hayapikiwi pombe, hayabadilishwi na kitu chochote. Nilikuwa sijamaliza sentensi ya mwisho bibi akanyoosha mkono.

"Mimi chakula changu ni ebitoke," alisema kwa Kihaya, yaani ndizi za kupika. "Nikila hayo mahindi, nitakuwa nimekula nini?"

Watu wakacheka. Afisa akanitazama, akisubiri. Nikamwambia bibi anauliza kuhusu mapishi, naye, kwa moyo mweupe, akaeleza namna ya kusonga ugali kuanzia maji kuchemka. Ilinibidi nitafsiri yote hayo kwa mwanamke aliyeanza kupika kabla baba yangu hajazaliwa.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nimuulize jambo jingine. Ana jirani ambaye hakuandikwa kwenye orodha kwa kuwa shamba lake lilipona. Je, akimpa mahindi kidogo, ni kosa? Afisa alifurahi. Alisema kumpa jirani si kosa hata kidogo, ni utu. Bibi akashukuru, akaketi. Mimi ndiye niliyepaswa kushtuka pale pale, lakini nilikuwa naona fahari jinsi nilivyotafsiri vizuri.

Gunia lilikaa jikoni siku tatu bila kufunguliwa. Siku ya nne nilipeleka ndoo moja mashineni, nikasonga ugali kama nilivyojifunza bwenini. Bibi alimega matonge matatu, akasema ahsante, akaenda kukaa mlangoni kutafuna punje kavu za kahawa, kama wazee wa kwetu. Kwake ugali ulikuwa chakula cha wanafunzi na askari. Hakuudharau. Aliuona tu kama sare ya shule, kitu cha watu wengine.

Jumamosi akaniambia nibebe ndoo ya mahindi tumpelekee jirani. Jirani huyo alikuwa mama wa Kisukuma aliyeolewa kijijini kwetu miaka mingi iliyopita. Alipofika akiwa bibi harusi, bibi ndiye aliyempa machipukizi yake ya kwanza ya migomba na kumwonyesha namna ya kuyapanda. Aliyapanda bondeni, na upepo ukapita juu yake. Sasa alikuwa na ndizi za kutosha, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akimpikia mumewe ndizi huku mwenyewe akitamani ugali.

Alipoiona ndoo aliingiza mkono kwenye punje na kutabasamu peke yake. Habari ya ndizi haikutajwa. Tulipiga soga, tukaaga. Hatujamaliza hata kuvua viatu nyumbani, jirani akatokea na mkungu wa ndizi kichwani. Bibi akamuuliza, kwa mshangao mkubwa, kwa nini amejisumbua hivyo.

Jumamosi iliyofuata ikawa vivyo hivyo. Ya tatu, wale wawili hawakuwa na subira, wakakutana njiani, mimi na bibi na ndoo yetu, yeye na mkungu wake. Nyuma yake alikuwa anakuja mtendaji wa kijiji na pikipiki. Akatuomba sote tufuatane naye ofisini.

Mimi niliogopa kuliko wao. Nilikuwa mwajiriwa wa serikali, na masharti yalitoka kinywani mwangu mbele ya kijiji kizima. Mtendaji alisema kwa upole kwamba huko ni kubadilishana.

"Nimempa mahindi," bibi alisema. "Yeye kanipa ndizi. Hakuna aliyemdai mwenzake."

"Na kama asingekupa, Mama?"

Bibi alifikiri kweli, hakukimbilia kujibu. "Ningempa hata hivyo. Ila ningesikitika."

Mtendaji akanigeukia, akauliza afisa alisema nini hasa. Nikamjibu kwamba kutoa kwa jirani kuliruhusiwa, na mwenye ndizi hakupewa sharti lolote, kwa sababu ndizi zilikuwa zake. Alipangapanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika tayari.

"Basi zawadi zenu zisikutane njiani," alisema, akatufungulia mlango.

Nje jirani alishusha pumzi, akasema baada ya kutishwa hivyo hatuwezi kwenda nyumbani na njaa. Tukamfuata kwake. Alisonga ugali wa dona, mgumu, na pembeni akaweka dagaa wa ziwani aliowakaanga na nyanya na vitunguu. Bibi alinawa mikono polepole, kama mtu anayetimiza adabu ya ugenini. Alimega, akachovya, akala. Jirani akamuuliza kama chumvi inatosha. Bibi akasema dagaa ni wazuri sana, wanamlazimisha mtu kula na hiki kingine, akasogeza sahani ya ugali karibu. Mimi nikatazama pembeni, asije akajiona anahesabiwa matonge.